Mikorosho Isiyopuliziwa Salfa

Siku Uwesu aliyokuja kumposa, Somoe aliamka anampenda kuliko siku nyingine yoyote, na hapo ndipo panapouma. Angekuwa amekwisha mchoka, tungesema haya, ndiyo dunia. Lakini wapi! Msichana alifagia uwanja mara mbili, akafagia mpaka chini ya mikorosho ambako hakuna mgeni atakayekanyaga, akaoga, akajifukiza udi, kisha akaenda kusimama bustanini akijifanya anakagua mchicha, kumbe masikio yote yapo barabarani.

"Huo mchicha utaukagua mpaka unyauke," mama yake mdogo, Stamili, alimtania kutoka jikoni. "Mwanaume anatoka Masasi, hatoki mbinguni. Atafika."

"Nani anamsubiri mwanaume, mama mdogo? Nasubiri mkutano."

"Ee, mkutano! Na udi umewachomea Wazungu wa kwenye simu, sivyo?"

Somoe akacheka, akaziba uso kwa ncha ya khanga. Mkutano wenyewe ulikuwepo kweli. Kila Alhamisi saa tano asubuhi, wakulima wa nchi saba walikutana kwenye simu: Ureno, Nepali, Malawi, na kwingine ambako Somoe hakuwahi kukusikia kabla. Walifundishana kulima kwa kuuiga msitu. Majani hayachomwi, yanatandazwa. Mvua haiachwi ikimbie bondeni, inachimbiwa matuta ya kuikinga ili inywewe na shamba. Dawa za dukani hazitiwi. Kitangari yote ilimcheka Somoe alipoanza, maana huku mtu anateremka bondeni na ndoo alfajiri apate maji ya kupikia, wewe unaongelea maji ya kumwagia migomba! Lakini tenki la maji ya bati lilijaa, migomba ikasimama kwenye duara lake ikinywa maji ya kuogea, mpapai ukazaa, na waliocheka wakaanza kuja na vikapu kuomba mbegu.

Uwesu ndiye aliyekuwa kiungo. Kijana wa Chiungutwa, upande wa Masasi, msomi, mrefu, ana sauti ya pole ambayo ukiisikia kwenye simu unatamani bando lisiishe. Wale wa mbali walizungumza Kiingereza, yeye akakigeuza Kiswahili. Somoe akazungumza Kiswahili, yeye akakigeuza Kiingereza. Mkutano ulipokwisha, sura za watu zilizimika moja moja kwenye kioo cha simu, na kila Alhamisi sura mbili zilibaki. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuzima. Miaka miwili waliishi hivyo. Ana kwa ana walikuwa wameonana mara tano tu, na Somoe angeweza kukuambia kila mara shati lilikuwa la rangi gani.

Tena Somoe alikuwa na siri yake nzuri. Mwaka mzima, Jumamosi kwa Jumamosi, alikuwa akienda kwa rafiki yake Faidha, mwalimu wa sekondari, kujifunza Kiingereza. Hakumwambia Uwesu. Alitaka siku ya harusi, mbele ya ile simu na sura zote za nchi saba, afungue mdomo ghafla aseme mwenyewe, na Uwesu apigwe na butwaa. Alikuwa bado hajui kukizungumza vizuri. Lakini kukisikia, wallahi, alikisikia kila neno.

Pikipiki ikaingia. Uwesu mbele, nyuma yake Mzee Mujibu, mjomba wake, kanzu ameikusanya mapajani na bahasha ya posa ameitia kifuani isipate vumbi.

"Shikamoo mzee," Somoe alipiga goti.

"Marahaba mwanangu. Ndiye huyu, Uwesu?"

"Ndiye, mjomba."

"Basi umekuwa ukituficha muda mrefu." Mzee akacheka, akapokelewa na Mzee Hamidu, mjomba wake Somoe, wakaingizana ndani kwa salamu zisizokwisha. Posa ilipangwa baada ya sala ya adhuhuri.

Wale wawili wakabaki uwanjani. Hawakushikana hata mkono, maana Stamili alikuwa mlangoni na kijiko cha mbao. Walitazamana tu. Uwesu alimtazama kuanzia kwenye nywele zilizosukwa upya mpaka kwenye ndala, taratibu, na Somoe akaanza kuisokota ncha ya khanga.

"Umependeza mpaka naogopa," Uwesu alisema kwa sauti ya chini.

"Unaogopa nini?"

"Mjomba wako asije akabadili mawazo akuweke kabatini."

"Mjomba wangu ana sababu za kukukataa, ila hazijui. Mshukuru Mungu kakubali kukuona."

Uwesu akainamisha macho. Somoe alidhani ni haya. Nami nawaambia, wasomaji wangu, hata mimi ningedhani hivyohivyo.

Sababu za Mzee Hamidu zilikuwa ishirini na mbili, zimesimama nyuma ya nyumba. Mikorosho hiyo aliipanda bibi yake Somoe, ikaja kwa mama yake, na mama alipofariki ikabaki ya ukoo chini ya uangalizi wa mjomba, kama ilivyo desturi ya huku. Kila mwaka mwezi wa sita mikorosho inapoanza kutoa maua, watu wanabeba mashine mgongoni kabla jua halijachomoza, wanapuliza salfa, ule unga wa njano, ili ugonjwa wa ubwiri unga usiunguze maua. Mtoto wa Kitangari anajua salfa kabla hajajua kusoma. Lakini mwaka jana Uwesu alimwambia Somoe, kwenye Alhamisi mojawapo sura mbili zilipobaki: mwaka huu msipulize. Udongo umekwisha pona, mikorosho itajitetea yenyewe. Niamini.

Naye akaamini. Akasimama mbele ya mjomba wake, mtoto wa kike, akabishana siku tatu. Akalia. Akamwapia kwa jina la mama yake. Mwishowe mzee akasema haya, msimu mmoja. Na maua yakaungua yote, meusi tii, mti kwa mti, huku mikorosho ya majirani ikizaa hadi matawi yanainama. Hitima ya mama yake mwaka ule ikasomwa kwa chai ya rangi na ming'oko, mizizi ya kuchimba porini. Masheikh wakala, wakaondoka bila kusema kitu. Stamili ndiye aliyesema, mbele ya shangazi na majirani wote: "Hata marehemu umemnyima pilau."

Somoe hakumtaja Uwesu. Aliwaambia ilikuwa akili yake mwenyewe, kayasoma kwenye simu. Mwaka mzima alitembea nalo lile neno, kisimani, msibani, kwenye harusi za wenzake, na kila Alhamisi alitabasamu kwenye kioo, kwa sababu alijua mwenzake alikosea kwa nia njema. Mtu akikosea kwa nia njema na unampenda, unambebea. Ndivyo alivyojiambia.

Saa tano ikafika. Uwesu akainua simu, sura zikajaa kiooni zikipunga mikono. Walitembea bustanini, Uwesu akionyesha, Somoe akieleza. Matandazo. Mboji. Njugu mawe chini ya mpapai. Duara la migomba, ambalo yule wa Nepali aliomba kuonyeshwa mara mbili. Kisha Mama Beatrisi, mwanamke wa Ureno mwenye mvi fupi, aliyeuanzisha mtandao wote, akaomba asikilizwe.

Alizungumza polepole, kama anayesoma dua. Na Somoe, akitazama kioo kwa tabasamu la mtu asiyeelewa, alisikia kila neno.

"Leo tunamshukuru Somoe," Mama Beatrisi alisema. "Tulipohitaji mikorosho isiyopuliziwa salfa ili tuilinganishe na iliyopuliziwa, Uwesu alituambia wazi kwamba maua yataungua. Mimi nilisita. Lakini akatuambia Somoe na familia yake wameelewa na wamekubali kuitoa mikorosho yao. Sijawahi kuona moyo kama huo. Ripoti ile ndiyo iliyotufanya tumchague Uwesu aje Ureno mwaka mzima kusoma na kufundisha. Anaondoka mwezi ujao. Somoe, tuzo hii ni yako pia."

Watu wa nchi saba wakapiga makofi, wengine wakafuta macho.

Uwesu akamgeukia. Sauti ya pole ileile.

"Anasema bustani yako imemfurahisha sana. Hasa migomba."

Mnajua mtu anapokanyaga mwiba mrefu? Mwanzoni husikii maumivu, unasikia tu kwamba kuna kitu kimeingia. Somoe aliendelea kutabasamu. Tabasamu halikujua pa kwenda, likabaki palepale usoni.

"Amesema maneno mengi hayo yote kwa ajili ya migomba?"

"Si unamjua Mama Beatrisi? Anapenda kurefusha."

"Mbona watu wamelia?"

Uwesu akaufuta mchanga kwenye kioo cha simu. "Wamefurahi."

"Mwulize basi, mikorosho yangu anaikumbuka?"

Uwesu akainua simu, na kwa Kiingereza safi akauliza kama mvua imeanza huko Ureno. Mama Beatrisi, kwa mshangao kidogo, akajibu kwamba huko sasa ni kiangazi.

"Anasema anaikumbuka," Uwesu alitafsiri. "Anakupa pole."

"Kumbe ananipa pole. Mwambie nashukuru. Mwambie maua yalipoungua, mama yangu mdogo aliniambia nimemnyima marehemu mama yangu pilau ya hitima yake. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

"Somoe, hayo ni mambo ya nyumbani..."

"Wewe kazi yako kutafsiri. Tafsiri."

Jasho lilimtoka kijana, na jua lenyewe halikuwa kali. Akageukia simu akasema: Somoe anawashukuru wote, anasema alifurahi sana kusaidia. Sura zikapunga mikono, zikarusha mabusu, zikazimika moja moja. Zikabaki mbili kiooni, yake na ya Uwesu, zimesimama pamoja mbele ya kamera ileile. Kwa mara ya kwanza Somoe ndiye aliyenyoosha kidole akazima.

"Njoo," alisema.

Alitangulia mpaka nyuma ya duara la migomba, ambako jikoni hakuonekani. Uwesu akamfuata huku akipiga domo, ooh leo mtandao ulikuwa mzuri, ooh mpapai umezaa. Somoe akageuka.

"Mwezi ujao unakwenda wapi, Uwesu?"

Domo likakoma.

"Nani kakwambia?"

"Mama Beatrisi. Sasa hivi. Nimejifunza Kiingereza mwaka mzima kwa mwalimu Faidha, nikufurahishe siku ya harusi yetu. Haya, furahi."

Uwesu alirudi nyuma hatua moja. Alishika shina la mgomba kama mtu anayetafuta ukuta.

"Umesikia yote?"

"Migomba tu sikuisikia."

"Somoe. Nisikilize. Nilitaka nikwambie baada ya posa. Ureno ni mwaka mmoja tu, nikirudi nahamia hapa kwenu, naishi ukweni kama desturi inavyotaka..."

"Sikuulizi Ureno! Nenda Ureno, nenda na mwezini! Nakuuliza mikorosho ya mama yangu. Ulijua itaungua?"

Kuku alikuwa akiparura matandazo miguuni mwao.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Alilisema kwa sauti ndogo. Somoe alikuwa amelitarajia, lakini lilipotoka alilazimika kuchuchumaa. Uwesu naye akachuchumaa mbele yake. Akanyoosha mkono, hakuthubutu kumgusa.

"Walitaka mashamba mawili ya kulinganisha," alisema harakaharaka. "Wasingeyapata hapa wangehamia Lukuledi, kule walikuwa tayari. Mtandao wote ungeondoka hapa. Ningekuona wapi? Nilihesabu Alhamisi, Somoe. Nilisema msimu mmoja wa korosho utarudi mwakani, lakini wewe nikikupoteza sikupati tena. Nilifanya kwa ajili yetu."

Na hapa nisiwafiche. Moyo wa Somoe ulilegea. Mwanaume aliyeziunguza korosho za ukoo mzima asikose kumwona Alhamisi! Mwanamke gani hajawahi kutamani apendwe hadi mtu aharibu kitu? Machozi yakamtoka, na kwa muda mfupi hakujua ni ya hasira au ya yule mwingine aliyeamka asubuhi akafagia uwanja mara mbili.

"Kwa nini hukuniambia mimi? Ungeniambia, Uwesu, ningekataa au ningekubali, lakini ningejua. Umeniacha nimwapie mjomba kwa jina la mama yangu. Mama yangu aliye kaburini."

"Niliogopa utakataa."

"Na mwaka mzima uliniona nikisemwa. Nilikuwa nakusimulia. Nilikusimulia ile ya pilau nikilia, ukaniambia pole mpenzi, yatapita."

"Nilikuwa nakufa ndani kwa ndani, haki ya Mungu."

"Lakini nje ulikuwa mzima." Somoe akajifuta uso. Akasimama. "Sikiliza. Nimekupenda, sitakudanganya, na sasa hivi hapa nilipo bado nakupenda, Mungu anisamehe. Nakuomba kitu kimoja. Nenda ndani ukamwambie mjomba wangu. Mwambie si Somoe, ni mimi. Lisemwe mbele ya mama mdogo asikie. Atakutukana, pengine atakurushia kigoda. Kisha atapoa, namjua. Mimi nitakaa upande wako mbele ya watu wote, na utanioa."

"Leo? Mbele ya Mjomba Mujibu?"

"Leo."

"Wataniondoa kama mwizi! Tukishaoana nitasema. Nakuapia. Nikirudi kutoka Ureno, nikiwa na kitu mkononi cha kumfidia, nitapiga magoti kwa mzee..."

"Mwaka mwingine mmoja niubebe mimi."

"Umekwisha zoea, Somoe. Mwaka mmoja tu."

Umekwisha zoea. Alisema hivyo, jamani, kwa sauti yake ya pole, na wala hakujisikia.

Somoe alimtazama usoni muda mrefu, kila mahali, paji la uso, kope, ule ukovu mdogo wa kidevuni. Halafu akanyoosha mkono, akamkung'uta vumbi la barabarani kwenye kola ya shati.

"Sawa," alisema.

"Kweli? Umenisamehe?"

"Nenda ukanawe. Adhuhuri inaadhiniwa."

Uwesu alishusha pumzi ya mtu aliyevuka mto. Aliondoka karibu akiruka.

Baada ya sala walikula, wali na kuku na mbaazi za nazi. Stamili alikuwa amejitahidi. Kisha mikeka ikatandikwa sebuleni, wazee wakakaa, na Mzee Mujibu akatoa bahasha kifuani akaiweka kwenye sahani katikati ya chumba. Alizungumza vizuri yule mzee. Alisema wamekuja kuomba wazaliwe upya katika nyumba hii. Mzee Hamidu naye, mtu mkavu asiyejua maneno matamu, alikohoa kwanza.

"Mimi na binti yangu mwaka jana tulikwaruzana," alisema. "Alifanya ukaidi mkubwa, hasara mkaiona. Watu waliniambia mtoto huyu hana akili, hafai kuolewa na mtu wa maana. Leo amekuja mtu wa maana. Basi mimi nimefuta. Mwiteni."

Somoe akaingia, khanga mpya kichwani, akapiga magoti kwenye mkeka. Stamili akakaa nyuma yake akimpapasa mgongo, na mkono ule ulikuwa wa mapenzi kwa mara ya kwanza tangu siku ya hitima. Somoe aliuhisi, karibu umvunje.

Kuna swali moja tu anaulizwa binti siku ya posa. Akisema anawajua wageni, bahasha inafunguliwa na vigelegele vinapigwa. Akisema hawajui, bahasha inarudishwa ilivyofungwa, na wageni wanaondoka bila kuuliza sababu. Anaulizwa mara tatu asije akasema aliteleza ulimi. Wengi huulizwa mara tatu kwa kutaniwa tu, kila mtu anajua jibu.

"Binti yangu," Mzee Hamidu alisema, "wageni hawa unawajua?"

Uwesu alikuwa anatabasamu, macho yake yakimwambia maneno ya Alhamisi zote.

"Siwajui, mjomba."

Stamili akacheka. "Haya ya mwari imemshika! Sema kwa sauti, mwanangu."

"Somoe," mjomba akarudia, sasa akiwa amekunja uso, "kijana huyu aliyekaa hapa. Unamjua?"

Somoe akageuza kichwa, akamtazama Uwesu waziwazi, kitu ambacho binti hafanyi siku kama hiyo. Macho yake yalimwomba. Bado, Uwesu. Bado kuna mara moja. Fungua mdomo useme, nami nitageuza jibu langu hapahapa.

Uwesu aliutazama mkeka.

"Simjui."

"Mara ya tatu nakuuliza, na shahidi ni Mungu..."

"Nilidhani namjua, mjomba. Simjui mtu huyu."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mkono wa Stamili uliondoka mgongoni. Mzee Mujibu, maskini, aliinama akaichukua bahasha yake, akaifuta kwa kiganja kana kwamba imeingia uchafu, akairudisha kifuani.

"Binti amesema," alisema. "Sisi tunaaga. Mungu awabariki kwa chakula."

Wageni walitoka barazani kuvaa viatu. Mzee Hamidu hakungoja wafike mbali, hasira ya aibu haingoji.

"Umeniua!" alifoka. "Umenivua nguo mbele ya watu wa Masasi! Mtu amekuja mwenyewe, na jina lako hilo baya akaja, nawe unasema humjui? Miaka miwili unacheka naye kwenye simu!"

"Hata marehemu alipata afadhali," Stamili alisema, machozi yakimtoka. "Yeye alinyimwa pilau tu. Sisi unatunyima hata uso wa kutokea njiani."

"Na leo utanijibu!" Mzee akapiga mkeka kwa kiganja. "Mikorosho ya dada yangu, ile, nani alikutuma uiue? Haikuwa akili yako, sijawahi kuamini. Ulitumwa na nani? Sema!"

Mlango wa barazani ulikuwa wazi. Uwesu alikuwa amekaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Alilisikia swali, hakuna aliyekuwa kiziwi pale. Akainua uso, na macho yao yakakutana kwa urefu wa chumba kizima. Somoe hakufanya ishara yoyote. Alingoja tu. Alimngoja kwa mwili wake wote, kama alivyongoja asubuhi pikipiki, na kama angesimama wakati ule, kama angesema neno moja tu, bahasha ingekuwa bado ina joto kifuani kwa mzee.

Uwesu akainama, akavaa kiatu cha pili. Akafunga kamba.

"Nakuuliza!" mjomba alinguruma.

"Hakunituma mtu, mjomba," Somoe alisema. "Niliiua mwenyewe."

"Basi ujue huna mjomba mpaka nitakaposema unaye."

"Nimesikia."

Barazani Mzee Mujibu alikuwa akishuka ngazi, mkono mmoja begani kwa mpwa wake. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini nyumba ilikuwa imenyamaza, na kila kitu kiliingia ndani.

"Uwesu, mwanangu. Msichana yule analia bila machozi. Umemkosea nini?"

"Sijui, mjomba," Uwesu alijibu. "Hata mimi namshangaa."

Akapiga teke pikipiki, ikawaka mara moja.